Chavua ya Mvinje

Montería, Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya lolote naomba baraka zako. Natumaini goti limepunguza kuuma, na kwamba Mama Mdogo Ruperta ameacha kukununia. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haijatulia. Nubia, mwenzangu wa maabara, anakuletea barua hii kwa mkono. Kwa simu ungenikatiza, nami ningeishiwa ujasiri.

Najua Jumapili mnahamia nyumba mpya kule kwenye kiinuko, familia arobaini, na yako ndiyo ya kwanza upande wa bahari. Miaka sita umeingoja, tangu maji yalipoichukua ile yetu ya kwenye mlango wa mto. Nubia ananitania kwamba ukishahamia utapokea wageni kama mke wa gavana, na sisi tutapigishwa foleni.

Unakumbuka tulipokuja kutoboa ardhi pale kwa bomba, ukatuuliza kama tulisoma miaka yote hiyo ili tuje kuchezea matope. Basi chini tulikuta tope jeusi lenye makombe ya viumbe wa baharini, madogo kuliko punje ya chumvi. Bahari iliwahi kupanda hadi pale. Likabaki swali moja: lini? Kama ni miaka elfu tatu iliyopita, watu wajenge. Kama ni juzi, itarudi.

Kujibu ilikuwa kazi yangu. Nililiosha tope kwa dawa, nikaliweka kwenye hadubini, nikaanza kuhesabu chavua, lile vumbi la maua lisilooza likifukiwa. Nikaona ya mikoko, ya nyasi, kisha ya mvinje, chembe kumi na moja. Mvinje ni mti wa kuletwa. Babu alipokuwa mtoto haukuwapo pwani yetu. Kama chavua yake imo, tope lile halina hata miaka mia.

Lakini nje ya dirisha la maabara kuna mvinje, na wiki ile kiyoyozi kiliharibika. Kwa lile joto tukafungua madirisha, jambo tulilokatazwa. Nubia akasema hizo zimeingia na upepo tu, nisijitafutie balaa. Nikazikata kwenye hesabu. Daktari Argemiro, mkuu wetu, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara zote mbili nikasema ninayo. Akatia sahihi kwamba tope ni la kale.

Sasa nakuungamia, Mama. Kila tunapofanya kazi hiyo huweka kando kisahani cha maji safi, kinase chochote kinachoelea hewani. Nilikitazama kabla ya kuzikata zile chembe. Hakikuwa na hata moja ya mvinje. Nilijua zilitoka kwenye tope lenyewe. Jana yake ulinipigia ukilia kwamba umechoka kulala kwenye kochi la watu, nami nilitaka upate nyumba.

Leo asubuhi nimemweleza Daktari. Akaniambia niache funguo mezani. Ameandika kuomba uhamaji usimamishwe, lakini ofisi zile unazijua, na Jumapili i karibu. Wewe watu wanakusikiliza. Usihame, Mama, na uwazuie wenzako. Wakiuliza ni nani aliyewadanganya, wape jina langu.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao anayekupenda,
Yadira