Springi ya Abiria Wawili

Jumatatu, 3 Februari

Wageni wawili wa mtoni asubuhi. Barabara tambarare, hakuna cha kuandika. Jioni nimeosha baiskeli, nimepaka mnyororo mafuta, nimeiacha gerejini kwa kaka Musa, hapahapa Kimaka, Jinja. Yeye hutengeneza pikipiki za boda. Wateja humwita Afande ingawa aliyekuwa jeshini ni baba, si yeye.

Jumamosi ya wiki ijayo ni Mbale. Kampuni moja ya utalii inatafuta kiongozi wa kuwashusha wageni mlima Wanale kwa baiskeli. Watatupima kwa kutushusha. Nafasi moja tu. Naitaka mno. Nimechoka kuongoza watu kwenye lami.

Jumanne, 4 Februari

Shokapu yangu haipo!

Ile ya upepo, inayokaa katikati ya fremu na kulibeba gurudumu la nyuma. Mahali pake pana springi ya chuma, nene, imepakwa rangi nyekundu upya. Kaka anatabasamu kama bwana harusi. Ati zawadi. Ati jana alipita mwuza vipuri wa Mbale, wakabadilishana, kwa sababu shokapu ya upepo ni kitu cha kuchezea na itakuja kupasuka mlimani.

Nimesema asante. Sijui kwa nini. Hasira imenijia baadaye, naosha vyombo.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeikalia. Haizami. Shokapu nzuri ukiikalia huzama kidogo, ili gurudumu lipate nafasi ya kushuka kwenye shimo na kupanda kwenye jiwe. Hii imesimama tu.

Na najua kwa nini ameweka nene hivi. Fremu yangu ina mkono mmoja wa nyuma na egemeo moja. Gurudumu linapopanda, linaisukuma shokapu kwa uwiano uleule mwanzo hadi mwisho. Ziko fremu za viungo vingi ambazo zenyewe huongeza ugumu kadiri gurudumu linavyopanda. Hizo zipe springi, zitakushukuru. Yangu haina msaada huo. Ugumu wa mwisho lazima utoke ndani ya shokapu. Upepo ukibanwa sana huwa mgumu wenyewe, springi haifanyi hivyo. Ukiweka laini inagonga mwisho kwa kishindo. Ukiweka ngumu ili isigonge, umejipa gogo. Kaka amenipa gogo.

Angeniuliza! Sentensi moja tu. Zaituni, nibadilishe?

Jumapili, 9 Februari

Mbale. Mazoezi Wanale.

Nimeanguka. Penye mawe, kabla ya mashamba ya kahawa. Gurudumu la nyuma halikuwa likigusa ardhi, lilikuwa likirukaruka. Breki inashika hewa. Kiti kikanipiga teke, nikapita juu ya usukani. Kiganja cha kushoto kimevimba. Nimelia, si kwa maumivu. Kwa hasira.

Jumatatu, 10 Februari

Nimerudi Jinja na kiganja kimefungwa kitambaa. Kaka akakagua baiskeli kwanza. Kisha mkono.

"Springi iko sawa," akasema. "Mimi na Wafula tulikalia wawili, haikulala hata kidogo. Wewe tu unaogopa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Boda hupimwa hivyo. Fundi anakaa, anamwita jirani mnene, wanarukaruka wawili. Isipozama, imepona. Maana boda kesho itabeba abiria wawili na gunia la mkaa juu yao. Kwa hiyo baiskeli yangu ilipimwa na Musa na Wafula, fundi mwenzake. Wanaume wawili, matumbo mawili. Mimi nikiwa na nguo zote na kofia sifiki nusu ya Wafula. Nami nilikuwa nyumba ya pili tu kutoka gerejini. Hakuna aliyeniita.

Nimepiga kelele mpaka wateja wameondoka. Mama amesema asante ya punda mateke. Sawa. Lakini hata punda hutazamwa mgongo kabla ya kutandikwa.

Simpendi kaka leo. Naandika hivyo na sifuti.

Jumatano, 12 Februari

Nimekuja tena Mbale, kwa shangazi, mtaa wa Malukhu. Asubuhi nimemkuta yule mwuza vipuri kwenye kibanda chake kule mtaa wa Industrial. Shokapu yangu inaning'inia ukutani kwa waya, nzima, na mkwaruzo wangu ubavuni. Nikamwambia hii hapa springi, nipe changu.

"Mimi napatana na Afande," akasema. "Afande akuje."

Nikamwambia ni mali yangu. Akamgeukia mteja mwingine.

Kwa hiyo aliyetoa kitu kisicho chake anaaminika, na mwenye kitu haaminiki. Nimetamani kuupindua ule ubao wake wa vipuri na kila kitu kilicho juu yake. Nimetembea hadi kwa shangazi nikisukuma baiskeli, nikitukana kwa Kinubi, lugha ya nyumbani, watu wakinipisha.

Alhamisi, 13 Februari

Nimempigia kaka. Hapokei. Nimemwandikia: njoo. Sikuandika tafadhali.

Ijumaa, 14 Februari

Amekuja. Saa nne yuko mlangoni kwa shangazi na sanduku la spana, vumbi mpaka kwenye kope. Hakusema samahani. Hajawahi kuijua njia ya hilo neno.

Kibandani alimwambia yule bwana, mbele ya watu: "Nilikupa kitu ya huyu dada yangu. Sikumuuliza. Rudisha." Dakika ileile waya ukakatwa. Nilifurahi na nikachukia kwamba ilihitajika sauti yake.

Ameifunga palepale kando ya barabara. Kwenye bomba la shokapu kuna kiduara cha mpira. Ukikaa kinasukumwa, ukishuka kinabaki palepale, kukuonyesha umezama kiasi gani. Kaka akajaza upepo kwa pampu ndogo, akainua mguu apande kuijaribu. Mazoea. Mguu ukakaa hewani. Akaushusha.

"Kalia wewe," akasema.

Nikakaa, na kofia na mkoba wa maji. Akapiga magoti kwenye vumbi, akakitazama kiduara. Akapunguza upepo. Nikakaa tena. Mara nyingi tu, mpaka nikasema hapo. Akauliza: hapo? Nikasema hapo.

Bado nina hasira. Imepungua kimo.

Jumamosi, 15 Februari

Baiskeli ilishuka Wanale vizuri sana. Penye mawe gurudumu lilifuata ardhi kama maji. Nilikuwa mbele.

Kona za mwisho kiganja kilikataa. Vidole havikuvuta breki. Nikapanua kona, nikapitwa na kijana wa Mbale. Wakamchukua yeye.

Kaka alikuwa chini, kwenye utepe wa kumalizia. Alikitazama kitambaa cha mkononi, akatazama pembeni. Anajua mkono ule uliumizwa na nini. Sikumwambia si kitu. Ni kitu.

Jumanne, 18 Februari

Jinja. Wageni watatu wa mtoni. Lami.

Baiskeli ililala gerejini tangu juzi. Leo nimeikuta imeoshwa, mnyororo umepakwa mafuta, pampu ndogo imening'inizwa kwenye usukani. Nimeinama kutazama. Kiduara cha mpira kiko palepale nilipokiacha mimi. Hakuna aliyeikalia.