Kulaza Kompyuta ya Kelvin

Jumanne, 2 Julai

Baridi ya kukata mifupa. Maji ya kuku yameganda. Kelvin kaamka kabla yangu, kavaa sweta kinyume, kaenda moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Imezima. Betri yake kongwe haishiki chaji, na sisi tukienda kulala tunazima umeme wa nyumba nzima. Jua la Julai ni la kuomba, sola hazijazi kitu.

Kaiwasha. Ikaja tupu kabisa.

Kakaa, mikono mapajani. Chai yake ikapoa, mkate wake ukakauka. "Wamefuta," kasema. Nani kafuta, mzee? Hakuna aliyefuta! Ramani yake ya miti ya zamani ya matufaha imo, picha zimo, maelezo yote yamo. Ila hajui tena ashike lipi kwanza. Mtu aliyetunza kompyuta za hospitali tangu tumeoana!

Ikiamka vile alivyoiacha — ramani kushoto, picha kulia, maandishi katikati — anaendelea bila kuuliza mtu. Wiki iliyopita betri ilivumilia mara moja mpaka asubuhi, basi akafanya kazi hadi mchana huku anapiga mbinja. Ana kawaida yake toka zamani: jioni huacha sentensi nusu. Ukimaliza sentensi, asema, kesho huna pa kuanzia.

Daktari wa Hobart alisema tumshikilie kwa mazoea. Rahisi kusema! Mazoea yenyewe yanazimika na betri.

Alhamisi, 4 Julai

Adrian kapiga simu toka Brisbane. Mama, mnunulie mpya, mnajitesa bure. Nikamwambia hiyo mpya baba yako hataijua. Mtoto mzuri, ila yuko mbali na huko ni joto.

Mchana kaja Roz Pettifer, na supu ya maboga. Roz ni wa chama cha kompyuta za Linux cha hapa bondeni, wazee watupu. Nusu yao Kelvin ndiye aliyewafundisha. Nikamweleza mambo yetu jikoni, kwa sauti ya chini. Kasema dawa ipo: tuilaze usingizi mzito. Yaani kabla ya kuzima, kompyuta inaandika kwenye diski kila kitu ilichokuwa inakishikilia kichwani. Kisha inazima kabisa, haili umeme hata chembe. Ukiiwasha inasoma pale ilipoandika, na kila dirisha linarudi mahali pake.

Nikasema hayo ndiyo! Hayo hasa! Mbona hukuja tangu baridi ianze?

Kelvin kutoka sebuleni: "Nawasikia. Mimi bado si kiziwi."

Jumamosi, 6 Julai

Chama, ukumbini. Keki tatu, hita moja. Kelvin kafurahi kuliko siku nyingi, kawafumbia wenzake mafumbo ya kompyuta, mimi sikuelewa hata moja lakini nilicheka nao.

Diski yake ina kufuli. Ukiwasha tu, inadai neno la siri kabla haijakuonyesha lolote. Adabu ya chama ni hii: mtu akiandika neno lake, wengine wanageuza uso. Kelvin akisema "geukeni," wazee wote wanageuka kuangalia ukuta wenye picha za wachuma matufaha. Nyumbani mimi huangalia mlima. Sijui neno lake, na sijawahi kuuliza.

Tukailaza. Ikalala vizuri. Tukaiamsha — tupu! Roz kajaribu tena, tupu. Akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

Basi akaiona. Pale kompyuta inapoandikia mambo yake kabla ya kulala, wenyewe huita swap, kwa Kelvin pana kufuli lake peke yake. Na ufunguo wa kufuli hilo unabuniwa upya kila kompyuta inapowaka. Wa jana hakuna ajuaye uko wapi, hata kompyuta yenyewe. Kwa hiyo jioni inaandika kila kitu kwa uangalifu, na asubuhi haiwezi kusoma hata herufi.

"Nani kaweka upuuzi huu?" Roz kauliza.

"Mimi," kasema Kelvin, kifua mbele. "Mwizi akiiba hapati kitu."

Na mwenyewe je, mzee? Na mwenyewe hapati kitu vilevile! Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilimwambia hivyo ndani ya gari. Akacheka mpaka tukafika darajani.

Jumapili, 7 Julai

Roz kapiga simu, hoi kwa kicheko. Kasaka mtandaoni dawa ya tatizo letu, akakuta majibizano ya zamani. Mtu wa Ballarat aliuliza swali letu lilelile. Akajibiwa kwa ukali: anayetaka kulaza kompyuta na siri zake ndani akalale yeye, kompyuta aizime. Sahihi chini — Kelvin!

Nikamsomea. Mkuki kwa nguruwe, nikasema. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu bwana ana kiburi," kasema. "Ni nani?"

Nikacheka. Kisha nikamtazama usoni, na sikujua kama anatania. Hata sasa sijui.

Jumanne, 9 Julai

Siku mbaya. Nimekosea mimi. Nilimwambia tuondoe kufuli zote yaishe. Nani atakuja kuiba ramani ya matufaha huku milimani? Swala? Hapa hata swala hakuna, kuna kangaruu wadogo tu, na wao wanaiba kabichi.

Alikasirika! Kasema miaka yote amebeba siri za wagonjwa na haikuvuja hata moja. Kasema, "Mimi sijaanza kuacha mlango wazi." Akaingia bandani na kupasua kuni ambazo zilikwisha pasuliwa.

Jioni kaja na supu kwenye kikombe, ya kwangu. Nami nikasema kufuli libaki.

Jumamosi, 13 Julai

Roz yupo hapa toka asubuhi. Mvua. Nimepika pai ya kome na viazi.

Wamefutilia mbali ile swap yenye ufunguo wa kutupwa. Nyingine wameiweka ndani ya kufuli kubwa la diski, kwa hiyo neno moja la Kelvin linafungua vyote. Ya kwanza waliyotengeneza ikawa ndogo — Kelvin aliongeza kumbukumbu ya kompyuta mwaka juzi akasahau, na Roz hakuuliza. Kompyuta ikakataa kulala. Haina pa kutua mizigo. Wakaikuza.

Jaribu: imelala. Amsha: tupu! Roz katoa neno ambalo hata shajara hii haitaliandika.

Aliyepata ni Kelvin. Alikuwa anakula pai, wala haangalii. Kasema, mdomo umejaa, "Umeiambia inapoamka ikasome wapi?" Roz akajipiga paji la uso. Alikuwa ameiambia, lakini hakuijenga upya ile sehemu ndogo inayoamka kwanza na kuuliza neno la siri, kwa hiyo habari haikuwafikia walioko mlangoni. Akaijenga.

Giza limeingia, Roz kaenda zake, barabara inateleza. Tumeilaza. Nimezima umeme wa nyumba mwenyewe, na moyo unanienda mbio kama wa msichana!

Jumapili, 14 Julai

IMEAMKA!

Aliniambia geuka, nikageukia mlima. Theluji imeshuka hadi kwenye msitu. Nikasikia vidole vyake vinakimbia kwenye kibodi, tap-tap-tap, kituo kidogo katikati, tap-tap, na ule mpigo mzito wa mwisho. Kisha kimya. Kisha akasema "Aha."

Ramani kushoto. Picha kulia. Katikati sentensi ya jana: "Mti wa matufaha ya Geeveston Fanny nyuma ya kanisa bado unazaa, ingawa". Hakukaa hata kuvuta kiti vizuri. Akaandika: "hakuna anayeuchuma ila kasuku." Akaendelea na mti unaofuata.

Nimetoka nje kulisha kuku na nimelia huko, machozi ya furaha, jogoo ananiangalia kama mwendawazimu.

Jumatatu, 15 Julai

Imeamka tena. Kapiga mbinja. Mtandao wa hewani haukuamka pamoja nayo. Nani anaujali.

Alhamisi, 18 Julai

Wiki nzuri. Miti mingapi kamaliza sijahesabu. Leo kaniuliza jina la mzee aliyekuwa na shamba mtoni, nikamwambia, akaliandika. Baada ya chakula kaniuliza tena.

Asubuhi alikosea neno lake. Mara mbili. Mimi nimegeuka mlimani lakini masikio yangu hayajageuka. Nalijua neno lile kwa mlio, kama mtu anavyojua hatua za mumewe barazani. Mara mbili kile kituo cha katikati kilirefuka. Ya tatu ikafunguka.

Jioni nikamwambia: Kelvin, Roz anasema kufuli hili linakubali maneno zaidi ya moja. Niweke na la kwangu. La akiba tu.

"Neno la siri ni kama mswaki," kasema.

Mimi siutaki mswaki wako, nikamwambia. Nataka kuweka wangu kwenye kikombe!

Hapana. Akawasha redio, kriketi.

Jumamosi, 20 Julai

Chama. Hakutaka kwenda. Kasema ana mafua. Hana mafua.

Jumatatu, 22 Julai

Mwenyewe kasema. Sikumgusia. Tunamenya viazi, akaniuliza, "Lile neno lako umelichagua?"

Nikajibu nimelichagua siku nyingi.

Tukakaa kwenye kompyuta. Kwanza aliandika lake, nikaangalia mlima. Kisha akainuka, akanipa kiti, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Miaka yote hii, mimi ndiye mwenye mgongo! Nikaandika la kwangu. Inataka uandike mara mbili, nami nikakosea ya pili, ikabidi nianze upya. Yeye kasimama tu. "Theluji inayeyuka," kasema. "Usiniharakishe," nikasema.

Tulipomaliza akanipa masharti. Nisiliandike popote, hata kwenye shajara hii yangu ya umbea. (Sawa!) Na nisilitumie mpaka yeye aniambie. Hata akikosea. Hata akikosea sana. "Nikuambie mimi, Noeline. Mimi mwenyewe."

Nikaapa. Nilikuwa na ganda la kiazi mkononi bado.

Alhamisi, 25 Julai

Mara nne leo. Nilijiuma mdomo. Ikafunguka.

Jumapili, 28 Julai

Adrian kwenye simu. Baba anaendeleaje? Nikasema kompyuta inalala na kuamka vizuri sana. Akasema, Mama, sikuuliza kompyuta.

Jumanne, 30 Julai

Siku tulivu. Jua kidogo, betri za sola zimejaa zaidi ya nusu. Tumekula mkate na jibini nje, makoti mwilini. Kelvin kanionyesha ua la kwanza la mti wa mimosa ng'ambo ya uzio, la njano, hata kabla mimi sijaliona.

Jioni nilipita nyuma yake na nguo za kukunja, nikasoma begani. Sikufanya makusudi. Naam, nilifanya. Amefika kwenye mti wa mpakani kwetu, ule nilioukumbatia nikiwa na mimba ya Adrian, baba yake Kelvin kaja na msumeno. Hakuna aliyewahi kuniuliza sababu, wala sikuwahi kusema. Kaandika: "Mti huu Noeline aliukatalia usikatwe, kwa sababu"

Akaacha hapo. Akailaza kompyuta.

Kwa sababu gani, mzee?

"Kesho," kasema. Na akacheka, kicheko chake chenyewe, cha zamani.

Jumatano, 31 Julai

Naandika hapa dirishani, nimesimama, shajara juu ya kizingiti. Nisipoandika nitageuka.

Aliniambia geuka kitambo. Kaanza vizuri, tap-tap-tap, kituo — akaanza upya. Kituo tena. Kisha kitufe kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta jiwe la kukanyaga mtoni. Mpigo mzito. Kimya. Kompyuta imekataa, najua, maana hakusema aha.

Tena. Imekataa.

Mlima una ukungu leo, hakuna cha kuangalia. Kuku wanadai chakula. Naliwaza neno langu, nalisema kimoyomoyo herufi kwa herufi, nisije nikalisahau mimi pia. Nimeapa. Hata akikosea sana.

Chai yake inapoa. Nimemsikia anajinong'onezea mwanzo wa neno, nikaziba masikio ili nisilisikie. Mpumbavu mimi! Sasa hivi ndipo naziba masikio!

Kiti kimesogea.

Anakuja. Kasimama hapa kando yangu, bega kwa bega, anautazama ukungu. Sweta kinyume. Haniangalii. "Noeline," kasema, "leo mlima nautazama mimi."

Nimekaa. Kiti bado kina joto lake. Neno ninalo, vidole vinalo, lakini mkono umeshika kalamu na hautaki kuiachia. Amenipa mgongo, kasimama wima, kama adabu inavyotaka.

Anauliza mbona hasikii kibodi.