Chumba cha Mashuka

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama yako mzima, ila goti lake bado linamsumbua kwenye ngazi. Wewe je, u hali gani?

Miezi mitano hujaandika, basi naanza mimi. Bado nimekukasirikia kidogo. Siku ile uliniletea miwani kazini, ukaona sisi wapiga pasi tunachuruzika jasho huku chumba cha pili, cha kuwekea mashuka, kina kiyoyozi. Ukampigia msimamizi kelele mbele ya wenzangu wote. Niliona aibu. Miaka ishirini na mbili napiga pasi hotelini hapa, naimba, nacheka, mpaka wananiita Bashasha. Wenye hoteli wana chao, mimi nina changu, na usingizi wangu mzito. Wewe unayeona dhuluma kila kona, unalala kweli? Nauliza kwa mapenzi, sikusuti.

Baba yako


19 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mlangoni, viatu mkononi. Sijambo, ila kichwa tu.

Naomba radhi kwa kukuaibisha. Kwa nilichosema, siombi. Mashuka yanapulizwa baridi, baba yangu anachemka! Hapa chama cha wafanyakazi napokea malalamiko kutwa nzima, na narudi nayo nyumbani yote. Rafiki zangu wamechoka kunialika. Wanasema nikikaa mezani chakula kinapoa. Nakuonea wivu, Baba, halafu najikasirikia kwa wivu huo. Hebu niambie: wewe huoni, au unaona ukanyamaza?

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Nimechelewa kwa sababu swali lako lilinikaa kooni. Nikijibu kwamba sioni, nitakuwa mwongo.

Wiki iliyopita Mama Pacha, wa meza iliyo jirani na yangu, alianguka kwa joto. Tulimpepea kwa foronya mpaka akafumbua macho, na sasa yuko salama. Wenzangu wakaenda kwa msimamizi kuomba feni. Mimi nilibaki kuangalia pasi. Walirudi mikono mitupu. Aliwaambia, "Joto gani? Mbona Bashasha anaimba humo humo?"

Hakuna aliyenilaumu. Mama Pacha alinitazama tu, akaendelea kukunja. Imeniuma sana, sikufichi. Furaha yangu mwenyewe, mtu kaichukua akawanyima nayo wenzangu hewa. Siku tatu sikuimba. Chumba kikazidi kuwa kibaya, mpaka Mama Pacha huyo huyo akaniomba niimbe.

Baba


8 Aprili

Baba, shikamoo. Mpe Mama pole ya goti.

Nilimwandikia msimamizi wako kurasa nne, kisha nikazichana. Chumba ni chenu, na wa kusema ni ninyi. Sasa utafanya nini? Lolote utakalofanya, tafadhali usinune. Wenye kununa tunao tele huku chamani, na mwenyekiti wao ni mimi.

Mwanao


2 Mei

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima, na goti limetulia. Sasa kaa chini usome.

Jumatatu iliyopita tulibeba meza zetu nne, tukaziingiza chumba cha mashuka. Mashuka tukayatoa yakaonje joto. Nikapiga pasi naimba, na ule ubaridi ukanipandisha sauti. Msimamizi akaja mbio. Akawapita wote, akaja kwangu: "Bashasha, si wewe uliyeridhika?"

Nikamjibu, "Nimeridhika, bwana. Nina mke, nina mwana, nina sauti. Na kile chumba kina joto la kuua mtu. Usinichanganyie mambo."

Wenzangu waliangua kicheko, na yeye akarudi ofisini kwake. Nimepewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwangu, na mama yako anataka kuitia kwenye fremu. Juzi tumefungiwa feni mbili. Moja ina kelele, lakini inapuliza.

Usidhani umenigeuza. Wenye hoteli bado siwachukii, na usingizi bado ninao. Ila siku hizi wenzangu wakienda kuomba jambo, mimi natangulia, na naenda nacheka.

Njoo kazini kwangu Jumamosi. Ukimkuta msimamizi mlangoni, gombana naye ukitaka, sikuzuii. Ila msalimie kwanza, halafu ingia ndani, nikujulishe kwa wenzangu wote kwamba huyu ni binti yangu.

Baba yako