Nilivyokuita Fundi

Mjomba Musembi,

Habari za Matuu? Gari haijanisumbua tangu tuinunue kwa yule mwalimu wa Ngoingwa. Natumai grisi ilitoka kwa koti yako.

Nimeshindwa kukupigia, ndio naandika. Ulipolala chini ya gari ukiikagua, mwalimu aliniuliza, "Na huyu mzee?" Nikasema, "Ni fundi tu." Niliona aibu kwa sababu ya akala zako za tairi. Nilijua umesikia ulipotoka ukaniambia, "Madam, injini iko sawa."

Jana nikikata bima ya gari hapa Ruiru, ajenti aliuliza nani mwingine ataiendesha. Nikataja jina lako. "Ni nani yako?" Nikasema ni mjomba wangu, ndiye alinifunza kuendesha. Ilikuwa rahisi, kwa sababu hukuwepo.

Nisamehe.

Nzisa