Vifurushi vya Watu na Ndege ya Kalibo

Jumanne, 14 Novemba. Manila asubuhi hii ni manyunyu na joto la kuchosha.

Shoga, ndege ya Kalibo imetuacha. Imetuacha kabisa. Dada Remi amekaa sakafuni, na baba yake anazikwa kwao Kalibo leo saa tisa.

Tulitua hapa kutoka Hong Kong na muda mdogo, lakini ungetosha. Tukachukua mizigo, tukafika forodhani. Afisa akamuuliza, "Mama, boksi hili umelifunga mwenyewe?"

Mtu mwingine angesema ndiyo. Remi akasema, "Hapana, mwanangu. Humu mna vifurushi vya wenzangu wa Hong Kong, wanawapelekea watoto wao. Sijui ndani mna nini."

Sijui ndani mna nini. Anamwambia afisa wa forodha.

Nikamnong'oneza, "Dada, umetumaliza."

"Nimetoka kusali rozari sasa hivi," akasema, "nianze kudanganya?"

Wakafungua kimoja kimoja. Sabuni, chokoleti, viatu vya shule. Na chako ulichomkabidhi pia, shoga, usinune. Hawakukuta kosa lolote, ila muda ulikwisha. Nilisali mpaka midomo ikakauka.

Remi akampigia kaka yake Isagani, simu ikiwa na sauti ya juu, foleni nzima ikasikia. "Gani, ndege imeniacha. Mzikeni tu."

Kisha tukamsikia Gani akiwageukia waombolezaji kule nyumbani, kwa sauti nzito:

"Padri upo, na nyinyi majirani mpo. Nasema mbele yenu, baba hatoki humu ndani mpaka Remi afike."