Nguzo ya Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikia uko Mbinga kwa mjomba. Simu hupokei tangu mkutano wa kamati ya ujenzi wa wodi ya wazazi, kwa hiyo nakuandikia wazi, na waliokuwepo wasome.

Unakumbuka tanuru letu kule Tingi? Ulikuwa ukigonganisha matofali mawili karibu na sikio langu. "Likilia limeiva. Likinyamaza, tupa." Nikabeba ndoo zako za zege miaka minne, wewe ukiitwa fundi, mimi dada wa fundi. Chuo nimejisomesha mwenyewe. Hilo silisemi kwa kukulaumu. Basi, nakulaumu kidogo.

Mashine yangu ya kupimia zege, uliyoicheka, haina uchawi. Inapeleka sauti isiyosikika kwa sikio upande mmoja wa nguzo na kuipokea upande wa pili. Zege lililoshiba huipitisha upesi. Lenye matundu huichelewesha, maana sauti inalazimika kuyazunguka. Kati ya nguzo zako kumi na mbili, kumi na moja zilipitisha zaidi ya kilomita nne kwa sekunde. Kazi safi, na nimeandika hivyo. Ya tatu ilipitisha mbili nukta nne.

Ukasimama mbele ya watu: "Mdogo wangu anaipaka nguzo mafuta kama kichanga, halafu anasema inaumwa." Wakacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini grisi ile inaziba hewa kati ya chombo na zege. Bila hiyo namba ingetoka mbaya zaidi. Nilirudia mara sita. Chini ndiko kubovu: zege halikushindiliwa.

Mama amenipigia kutoka Mbamba Bay. "Ni namba moja tu, mwanangu. Ifute, kaka yako arudi nyumbani."

Nilimjibu kwamba juu ya namba hiyo kuna boriti, juu ya boriti kuna paa, na chini yake watalala wanawake wenye uchungu. Wifi mwenyewe kaandikishwa kujifungulia hapo.

Sifuti. Nimekukumbuka mpaka chakula hakipiti, na bado sifuti.

Jumatatu saa mbili asubuhi tunaitegemeza boriti kwa magogo, kisha tunaivunja nguzo. Ukija, nitakuamkia mbele ya wote waliocheka, na hakuna atakayethubutu kusema neno. Usipokuja, zege jipya nitalishindilia mwenyewe, halafu nitalipima.

Nakutakia usingizi mzuri huko uliko,

Mdogo wako