Biarusi Asiyeinua Kope

Mambrui

Mjukuu wangu Salma,

Pokea salamu za nyumba nzima. Babu yako kikohozi kimempungua, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Waniuliza kama mdogo wangu Zuwena aliugua uvimbe kama huo unaosomea udaktarini. Ni kweli. Ilikuwa miaka ya themanini. Siku ya kupambwa kwake aliketi mbele ya wanawake macho chini, wala hakuyainua hata alipoitwa. Sote tukamsifu kwa haya zake. Kumbe kope zilikuwa hazimtii.

Alipoanza kupaliwa na maji tukampeleka hospitali. Tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua ilikuwa imevimba, wakaitoa. Ndani wakakuta chembe changa za kinga, tele.

Mama yetu akauliza, "Ndizo zinazomuua mwanangu?"

"Hapana, mama," daktari akasema. "Hizo ni kama watoto wa chuoni. Huja kwenye tezi hii kufunzwa kulinda mwili. Kilichoharibika ni chuo chenyewe, ndiyo maana misuli ya kope na koo imemlegea."

"Basi watoto hawana makosa," mama akasema, akalia.

Tangu hapo, msichana akiinamisha macho mbele yangu, humuuliza kwanza kama yu mzima.

Kope za Zuwena zilichukua miezi kupata nguvu. Asubuhi moja nilikuwa kwao, mumewe akinywa chai. Zuwena akainua macho, akamtazama usoni, akamtazama sana. Nikajifanya natafuta sukari. Nilipogeuka, mume ndiye aliyekuwa ameinamisha macho.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaisha